Kuhuisha jedwali la hitilafu: mashine ya kusaga mwani, kutoka mchoro hadi chuma chakavu

Unga wa mwani ukiachwa ndani ya mashine usiku mmoja wa masika, asubuhi unakuta tope la chumvi limeshikamana na shafti, na siku chache baadaye kutu imeshatokeza. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji ya hewani unyevu ukifika takriban asilimia 75, na pwani ya Unguja na Pemba usiku wa masika hupita hapo bila tabu. Fundi aliyejaza jedwali lake wakati wa kaskazi hana mstari wa tope hilo. Jedwali lake lilikuwa sahihi siku alipolijaza. Kosa ni kulifungia kabatini.

Uchambuzi wa namna chombo kinavyoweza kuharibika, na madhara yake, unajulikana zaidi kwa herufi nne: FMEA. Ulianza katika waraka wa jeshi la Marekani wa 1949, ukaenea kwenye vyombo vya anga, kisha magari. Hapa tutauita jedwali la hitilafu. Namna ya kulijaza mara ya kwanza inajulikana kwa wengi. Shida ni kulihuisha, kwa hiyo mwongozo huu umeegemea huko.

Mfano wetu ni karakana ya Unguja inayotengeneza mashine za nyundo, yaani zinazosaga kwa nyundo ndogo zilizofungwa kwenye rota inayozunguka, kwa vikundi vya wakulima wa mwani, tuseme Bweleo, Paje na Jambiani, na Micheweni kule Pemba. Mota ni ya kilowati 7.5, fezi tatu, mizunguko 1,450 kwa dakika. Puli zinazidisha mara mbili, kwa hiyo rota ya kipenyo cha milimita 400 inazunguka mara 2,900. Shafti ya milimita 40 imekaa kwenye beringi mbili za UCP 208, na chujio lina matundu ya milimita 1.5. Alama na idadi za matukio tutakazotumia ni za kuonyeshea hesabu.

Jedwali lenye kumbukumbu

Kila mstari una kazi ya sehemu, namna inavyoshindwa, madhara, sababu, na kinga iliyopo. Kisha alama tatu za 1 hadi 10: uzito wa madhara (U), utokeaji (T) na ugunduzi (G). Hiyo G wengi huigeuza: 1 maana yake hitilafu inakamatwa bila shaka kabla haijadhuru, 10 maana yake haionekani kabisa.

Kuzidisha U × T × G ni mazoea ya zamani na kuna mtego ndani yake. Mkono kuvutwa na mkanda: 10 × 2 × 3 = 60. Rangi kubanduka kwenye hopa: 3 × 6 × 5 = 90. Ukifuata hesabu, utapaka rangi kwanza, vidole baadaye. Mwongozo wa pamoja wa sekta ya magari ya Marekani na Ujerumani wa 2019 umeiacha hesabu hiyo na kutumia daraja tatu za kipaumbele: juu, kati, chini, huku uzito ukitazamwa mwanzo. Karakana ndogo inaweza kuendelea kuzidisha kwa sharti moja: kila mstari wenye U ya 9 au 10 ushughulikiwe hata zao lake la kuzidisha likiwa dogo.

Ili jedwali lihuishike, ongeza safu nne ambazo fomu nyingi hazina: tarehe ya alama, ushahidi, sababu ya kubadilisha, na jina la aliyebadilisha. Mpe kila mstari namba ya kudumu. Mstari 07 ni beringi leo na baada ya miaka kumi. Hitilafu ikiisha, andika "umefungwa" na sababu; usiufute, maana ukifutwa leo, mtu atairudisha hitilafu ileile kwa nia njema mwaka kesho.

Safu ya ushahidi ndiyo itakayokusumbua. Mwanzoni nusu ya mistari itasomeka "makisio", na ni halali. Lililo haramu ni makisio kubaki makisio baada ya mashine kufanya kazi mwaka mzima.

Alama zenyewe hazisogei ovyo. U hushuka muundo ukibadilika hadi madhara yenyewe yakapungua. Gadi, yaani kifuniko cha kinga, juu ya mkanda haipunguzi U: mkono ukiingia utaumia vilevile, kilichopungua ni T. T hushuka sababu ikiondolewa na saa za kazi zikathibitisha. G hushuka ukaguzi ukiongezwa na ukajaribiwa kwa hitilafu ya makusudi. Kubandika tangazo la "Kagua kila siku" ukutani hakushushi chochote.

Hatua ya 1: kabla ya kukata chuma

Andika kazi ya mashine kwa vipimo. "Kusaga mwani mkavu" haitoshi, kwa sababu neno mkavu lina maana mbili. Mwani anaoukubali mnunuzi wa kusafirisha nje huwa bado na unyevu wa karibu asilimia 35. Ule haukatiki, unapinda. Ukiutia kwenye nyundo unajizungusha kwenye shafti na kuziba chujio kwa ute. Wa kusaga unahitaji kushuka hadi asilimia 12 hivi. Kwa hiyo andika: "kusaga kilo 60 kwa saa za mwani wa unyevu usiozidi asilimia 12, unga upite tundu la milimita 1.5". Sasa namna za kushindwa zinajitokeza zenyewe: unga kidogo, unga mnene, unga wenye uchafu, mashine kuziba.

Kisha andika mazingira, na hapa usinakili jedwali la mashine ya mahindi. Chumvi na unyevu tumeshavitaja. Ongeza mchanga na vipande vya matumbawe vinavyokuja na mwani ulioanikwa chini, na taitai, zile kamba nyembamba za plastiki za kufungia miche. Taitai moja ikipita, inajiviringisha kwenye shafti na kujichimbia pembeni mwa sili ya beringi.

Umeme nao uwe na mistari yake. Volti zikishuka kutoka 400 hadi 360 na mzigo ukabaki uleule, ampea zinapanda kwa takriban asilimia 11. Mota hii yenye ampea 15 hivi inaelekea 17. Fezi moja ikikatika mota ikiwa kazini, mbili zilizobaki zinabeba karibu mara 1.7 ya kawaida. Hiyo ni mistari miwili mbalimbali, kwa kuwa kinga zake ni mbili: rilei (swichi inayokata umeme yenyewe) ya mzigo iliyowekwa kwenye ampea za kibao cha mota, na rilei ya kukosa fezi. Anayeiandika kama "umeme mbovu" ataweka kinga moja na kudhani amemaliza.

Hatua ya 2: mashine ya kwanza

Ikiwa majaribio hayakubadilisha hata alama moja, mlijaribu kwa upole mno. Tia mwani usiokauka makusudi uone unaziba baada ya dakika ngapi na ampea zinafika wapi. Acha unga ndani usiku kucha, ufungue asubuhi. Kata vipande 20 vya waya wa chuma vya milimita 5, vichanganye kwenye kilo 10 za unga, vipitishe kwenye sumaku ya mlango wa kutokea, uhesabu. Vikinaswa vyote 20 mara tatu mfululizo, G ya 3 ina haki. Vikipita vitatu, huna G ya 3, una matumaini.

Funga toleo la 1 la jedwali baada ya majaribio. Mchoro unaotoka nao uandikwe namba ya toleo hilo.

Hatua ya 3: karakanani

Muundo mzuri unaweza kuharibiwa na mkono, kwa hiyo kazi ya kutengeneza ina jedwali lake. Wengi huchanganya yote katika moja, kisha "nyundo kuvunjika" inakosa mwenyewe: msanifu anamtazama mchomeleaji, mchomeleaji anamtazama msanifu.

Mistari miwili haikosi kwenye jedwali hilo. Wa kwanza ni diski ya gurainda iliyosaga chuma cha kawaida kisha ikapitishwa kwenye chuma cha pua. Inaacha chembe zinazoshika kutu, na mteja anaona madoa mekundu kwenye "stenlesi" yake kabla ya mwezi kuisha. Kinga ni diski za rangi yake, zinazotundikwa mbali na nyingine. Bila shaka kuna siku zitachanganyika, kwa hiyo mstari huo hautakiwi kufungwa kamwe.

Wa pili ni uzito wa nyundo. Safu mbili zinazokabiliana zikipishana gramu 20, kwa mizunguko 2,900 na umbali wa milimita 200 kutoka katikati, tofauti hiyo inavuta upande mmoja kama uzito wa karibu kilo 38, mara 48 kwa sekunde. Pima nyundo moja moja kwenye mizani ya jikoni ya gramu, zipange kwa jozi, safu zisipishane zaidi ya gramu 5. Kazi ya nusu saa. Ikirukwa, itarudi kwako imevaa sura ya beringi mbovu.

Hatua ya 4: kusafirisha na kufunga

Mashine ya Pemba husafiri kwa bahari. Beringi zifunikwe, na grisi isukumwe hadi itoke kidogo kwenye sili kabla ya kupakia. Ukifika, pima volti mota ikiwa na mzigo, hakikisha rota inazunguka upande wa mshale, kagua waya wa ardhi. Vipimo vya siku hiyo viingie kwenye safu ya ushahidi, kwa sababu mwaka kesho hakuna atakayeamini kwamba volti zilikuwa 380 tangu mwanzo.

Hatua ya 5: mashine ikiwa kazini

Hapa ndipo jedwali linaposhiba au linapokufa njaa. Habari zipo, ila zinakuja kwa simu: "Fundi, mashine inalia." Ukijibu "nakuja" na kukata, umepoteza mstari. Uliza kwanza: "Inalia inapowashwa, au mwani ukishaingia, bi mkubwa? Upande wa mkanda au upande wa pili? Mwani ulianikwa siku ngapi?" Andika majibu kwenye daftari kwa maneno yake yeye mwenyewe, pamoja na usomaji wa mita ya saa. Mita ya saa ni kifaa kidogo kinachofungwa kwenye boksi la swichi, kinachohesabu saa ambazo mashine imefanya kazi. Bila hicho, T yako itabaki ya kukisia daima.

Saa pekee nazo hazitoshi. Mwani huvunwa kwa bamvua, kwa hiyo mashine hupiga kazi siku kadhaa kisha hukaa. Nyundo, mikanda na chujio huchakaa kwa saa za kazi. Kutu haijali saa, inahesabu siku, na inafanya kazi zaidi mashine ikiwa imelala. Andika kwenye kila mstari kipimo chake: saa, au miezi. Ukipima kutu kwa saa, mashine isiyotumika itaonekana nzima kuliko zote.

Tuufuate mstari 07 hadi mwisho. Beringi kufa mapema: U 5, T 3, G 4. Sababu iliyoandikwa: chumvi kupita sili. Mashine 12 zipo nje, kila moja wastani wa saa 40 kwa mwezi, yaani saa 5,760 kwa mwaka kwa zote. Daftari linaonyesha beringi 6 zimekufa, tukio moja kila saa 960. T ya 3 ilikuwa ndoto. Inapanda hadi 7.

Usiishie kubadilisha namba. Rudi daftarini utazame ni beringi zipi. Tuseme 5 kati ya 6 ni za upande wa puli. Chumvi haichagui upande. Ingekuwa ndiyo chanzo, zingekufa tatu hapa, tatu kule, au karibu na hapo. Upande wa puli una kitu kimoja ambacho ule mwingine hauna: mvuto wa mkanda. Unakwenda vijijini unapima, unakuta mikanda imekazwa kama uzi wa gambusi. Mkanda wa umbo la V hubonyezwa katikati, nao unatakiwa ushuke takriban milimita 16 kwa kila mita ya umbali kati ya puli. Kwa umbali wa nusu mita ni milimita 8. Hii inashuka 2.

Kwa nini wanaikaza? Kwa sababu mkanda ulikuwa ukiteleza na kupiga yowe. Uliteleza kwa nini? Mashine ilizibwa. Ilizibwa na nini? Mwani uliopinda badala ya kuvunjika. Kumbe chanzo cha mstari 07 kinakaa mstari 03, ule wa ukavu. Hapo andika kwenye 07 "tazama 03", na kinga mpya ziende pande zote mbili. Kwenye 03: jaribio la tawi kabla ya kusaga, kunja tawi nene, likikatika kwa mlio lisage, likipinda lirudi chanjani. Kwenye 07: kijiti cha kupimia mkanda kilichochorwa alama ya milimita 8, kimefungwa kwa mnyororo kwenye fremu. Maelezo kwenye kijitabu hayatoshi, kijitabu huliwa na panya.

T ya 07 inashushwa lini? Si siku ya kugawa vijiti. Subiri mashine zote kwa jumla zipite mara tatu ya muda wa zamani bila tukio: 3 × 960 ni saa 2,880, ambazo kwa mashine hizi 12 ni miezi sita. Kama hali ingekuwa ileile ya zamani, kuvuka saa hizo bila beringi hata moja kufa ingekuwa bahati ya takriban mara 1 katika 20. Ikifa moja katikati, T haishuki. Fungua beringi hiyo utazame kama ni sababu ileile au mpya.

Ratiba ya kukaa na jedwali: baada ya saa 50 za kwanza za mashine mpya, mwisho wa masika ya kwanza, kisha kila miezi sita. Jeraha lolote, au kipande chochote cha chuma kwenye unga, hakingoji ratiba. Mstari unafunguliwa siku hiyohiyo. Kikao kiwe na msanifu, mchomeleaji, fundi anayezunguka vijijini na, ikiwezekana, mmoja wa akinamama wanaoendesha mashine. Saa mbili zinatosha. Anayesoma jedwali zima kwa sauti kuanzia mstari wa kwanza atapoteza watu dakika ya ishirini, kwa hiyo anzeni na mistari iliyotajwa daftarini.

Hatua ya 6: kila mabadiliko

Hitilafu mpya nyingi huingia kwa mlango wa maboresho. Machujio ya chuma cha kawaida yanaliwa na kutu na kutoboka, malalamiko yamekuwa mengi. Karakana inaamua: machujio yote mapya yawe ya chuma cha pua aina ya 316, chenye molibdenamu inayokifanya kivumilie chumvi kuliko 304. Mstari wa kutu kwenye chujio unashuka vizuri, kila mtu ameridhika.

Sasa nenda mstari 11: kipande cha chuma kuingia kwenye unga wa chakula. U 9, T 3, G 3. Ile G ya 3 ilitoka wapi? Kwenye ile sumaku, iliyojaribiwa kwa vipande vya waya wa kawaida. Chuma cha 316 hakishikwi na sumaku kwa kutegemewa. Chujio likichanika, vipande vyake vitapita kama unga. G imeruka kutoka 3 hadi 9 pasipo mtu kugusa mstari 11: zao la kuzidisha kutoka 81 hadi 243, na ulaji wa watu uko hatarini.

Njia za kutokea zipo. Chuma cha pua cha 430 kinashikwa na sumaku, ila mbele ya chumvi hakiwezi kulingana na 316. Au baki na 316, bati liwe nene zaidi, chujio litolewe na kutazamwa dhidi ya mwanga kabla na baada ya kila mzigo, na unga upitishwe kwenye chekecho la pili. Chujio likikutwa limechanika baada ya mzigo, mzigo huo wote hauuzwi. Ni uamuzi mchungu, basi uandikwe kabla haujahitajika. Nyundo ziache za chuma kigumu kinachoshikwa na sumaku, hata akitokea mteja anayetaka "zote stenlesi".

Kwa hiyo kila badiliko, hata la bolti, lijaziwe karatasi moja: nini kinabadilika, kwa nini, na namba za mistari yote iliyoguswa. Kuipata mistari hiyo, tafuta jina la sehemu kwenye safu zote, ikiwemo safu ya kinga, si ile ya sehemu peke yake. Mstari 11 ungepatikana hivyo. Kipuri cha duka jingine ni badiliko pia: beringi yenye namba ileile 208 lakini sili tofauti inastahili karatasi yake. Puli, mkanda na mota vivyo hivyo, na pia kikundi kikianza kusaga kitu kingine, mathalani magamba ya chaza. Hapo mazingira yote ya hatua ya 1 yamebadilika na mashine ni mpya machoni pa jedwali.

Toleo la jedwali likipanda, kijitabu cha mwendeshaji na orodha ya matengenezo navyo vihuishwe siku hiyohiyo. Toleo la 4 la jedwali na kijitabu cha toleo la 2 ni mashine mbili tofauti ndani ya chuma kimoja.

Hatua ya 7: uzee

Mashine ikizeeka, mistari iliyokuwa ya kupuuzwa inaamka. Matundu ya nyundo yanakuwa ya yai, pini zinakonda, fremu imechomelewa mara nne pale pale. T za mwaka wa kwanza hazifai kwa mwaka wa saba. Tenga mashine zenye saa nyingi kwenye hesabu yake zenyewe, la sivyo mashine mpya zitaficha ugonjwa wa zile kongwe. Weka pia kikomo cha kustaafisha: tundu la pini likizidi kipenyo chake cha awali kwa milimita 2, sahani ya rota haijazwi kwa kuchomelea, inabadilishwa.

Mashine ya kwanza itakayotolewa kazini usiiuze kwa kilo mara moja. Ifungue yote mezani. Pima unene wa ganda sehemu nne: chini ya hopa, mbele ya chujio, pembeni, na pale ambapo tope la chumvi hukaa. Kama lilitoka karakanani likiwa milimita 4, tofauti uigawe kwa miaka iliyofanya kazi, sehemu moja moja. Namba hizo nne ziende kwenye safu ya ushahidi, pale palipoandikwa "makisio" siku ya mchoro. Baada ya hapo muuza chuma chakavu anaweza kuitwa.